Waziri wa Kisiwa na Wageni wa Barazani

Ndugu zangu, wengi wetu humu ni watu wa milimani, na wapo ambao bahari wameiona kwenye kalenda tu. Haidhuru. Kisiwa ni kama shamba lako dogo lililozungukwa pande zote na shamba la tajiri. Ng'ombe wake wakivuka, unakwenda kumwomba. Huendi kumgombeza.

Basi kulikuwa na nchi moja ndogo, kisiwa tu, ambayo wanawake wake waliishi kwa kuokota pweza maji yakipwa. Na kulikuwa na taifa kubwa, mbali sana, lakini manowari zake zilipita karibu na kisiwa kile zikimwaga maji machafu yenye mafuta. Pweza wakafa. Watoto wakaota vipele mwili mzima. Wananchi wakamtuma waziri wao wa mambo ya nje, mama mmoja aliyekuwa mwalimu zamani, aende akawasemee.

Akapokewa vizuri mno. Akavishwa shada la maua, akapigwa picha na mkubwa wa huko, bendera mbili nyuma yao. Kisha yule mkubwa akatazama saa yake.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya manowari," mama akasema.

"Nchi yako ni rafiki yetu wa siku nyingi," akajibiwa. "Mambo madogo kama hayo wataalamu watayaangalia. Umeonja chai yetu?"

"Kwetu si dogo, mheshimiwa. Watoto wanaumwa."

"Nimekuelewa kabisa."

Yule mkubwa akasimama akitabasamu, akampa mkono, akamsindikiza mlangoni. Hao wataalamu mama hakuwaona. Alirudi hotelini akakaa kitandani viatu vikiwa miguuni, akalia. Hakulia kwa sababu alitukanwa. Angetukanwa angekuwa na la kujibu. Alilia kwa sababu alichekewa.

Je, hamyajui machozi hayo? Hujawahi kwenda ofisi ya watu, ukaitikiwa kila neno, "ndiyo mama, sawa mama," na ukitoka nje unajua hakuna aliyekusikia?

Sasa sikilizeni. Mama yule akarudi kwao. Alipofika ofisini kwake akakuta mume na mke wameketi kwenye benchi barazani. Walitoka kisiwa kingine kidogo zaidi, kilichokuwa chini ya nchi ile ile, chenye kaya chache tu.

"Hawa wanataka nini?" akamuuliza katibu wake.

"Mambo ya takataka tu, mama. Nimewapa soda lakini hawaondoki."

Waziri alikuwa na uchovu wa safari. Akawasalimia, akawashukuru kwa kuja, akawaambia serikali inawapenda sana watu wa kisiwa chao. Alikwisha kushika kitasa cha mlango, yule mke akasema kwa upole:

"Mama, samahani. Boti ya taka za mji inamwaga ufukweni kwetu, na taka za hospitali zimo humo. Mwanangu amechomwa na sindano. Naogopa hata kumpeleka akapimwe."

Mkono wa waziri ukabaki pale pale kwenye kitasa. Akagundua kwamba alikuwa anatabasamu. Na tabasamu lile alilijua, alikuwa ametoka kuliona kwa yule mkubwa wa taifa kubwa.

Akarudi. Akaketi kwenye benchi, katikati yao, akasema, "Nisimulie tangu mwanzo. Leo sina kazi nyingine."

Siku hiyo hiyo boti ikazuiwa. Mtoto akaletwa mjini, akapimwa, na waziri akasubiri majibu pamoja na wazazi wake. Mtoto alikuwa mzima. Wenye mji walikaa na harufu ya taka zao mpaka lilipochimbwa shimo upande wao, nao wakamsema waziri vibaya kweli kweli. Na manowari? Bado zinamwaga. Taifa kubwa halijatoa jibu, na yule mama bado anakwenda kubisha hodi.

Ndugu zangu, nilipoanza, kila mmoja wetu alikaa upande wa kisiwa. Niliwaona mkitikisa vichwa. Sisi ni hodari wa kujua nani anatuonea: bosi, mwenye nyumba, ndugu mwenye gari. Lakini mnyonge naye ana wa chini yake. Leo sikuulizi nani anakumwagia uchafu. Nakuuliza wewe unaumwaga wapi.

Yule dada anayekufanyia kazi za nyumbani, mbona hayumo humu? Amebaki jikoni, ili sisi tukitoka kulisikia neno la Mungu tukute wali uko tayari. Tunamsemesha vizuri, ndiyo. Tunamwita "mwanangu." Je, tumewahi kumsikiliza? Ukifika nyumbani leo, usitangulie mezani. Nenda jikoni, vuta kigoda, muulize mama yake anaendeleaje, na yeye mwenyewe ana nini moyoni. Kisha nyamaza. Chakula kikipoa, kipoe.