Kaburi la Babu Yake Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na vyungu vya kupikia kama sisi, kulikuwa na jahazi kubwa likivuka ziwa. Jahazi hilo liliitwa Situi. Jina hilo lilitolewa na nahodha wake mwenyewe, Nyati, aliyeapa mbele ya wakwe zake kwamba upepo uvume uvumavyo, yeye hatatua tanga, hatalishusha, kwa ajili yake. Kiburi hicho, watoto! Wakwe wakapiga makofi, na kichwa cha Nyati kikavimba.

Baharia mdogo kupita wote alikuwa Kindi. Kazi yake ilikuwa kupanda mlingoti na kutazama mbele. Safari hiyo alikuwa anahama, kwa hiyo mkewe na watoto wake watatu walikuwa chini, kati ya magunia ya mtama.

Asubuhi walipong'oa nanga ziwa lilikuwa shwari. Jua lilipofika utosini upepo ukageuka. Fuuu! Kamba zikaanza kulia. Tanga likavimba kama tumbo la mlafi, jahazi likalala ubavu, na maji yakaanza kuchungulia ndani.

Kindi akateremka mbio. "Nahodha, upepo huu si wa tanga kubwa! Tulitue, tutweke juu lile dogo."

"Lile dogo?" Nyati akacheka, usukani kwapani. "Lile la kufunikia magunia? Wewe Kindi uzito wako haufiki hata dafu. Ndiyo maana unaogopa kupeperuka."

"Wanangu wako chini, nahodha."

"Na mimi niko juu. Waambie walale."

Kindi akamgeukia Kiboko, mshika kamba ya tanga. Kamba ile ilikuwa nene, na hapakuwa na mwingine mwenye nguvu za kuilegeza.

"Kaka Kiboko, tua! Tutakufa!"

"Nahodha akiniambia, natua," akasema Kiboko, jasho likimtoka. "Asiponiambia, situi. Si ndilo jina la chombo?"

Kindi akaitazama kamba. Meno alikuwa nayo, tena makali. Angeitafuna, ingekatika. Lakini foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ungeporomoka kwa kishindo na kuwaangukia waliokaa kwenye magunia. Akafumba mdomo. Tanga lilitakiwa lishuke taratibu, kwa mikono ya Kiboko, kwa amri ya Nyati. Njia nyingine hapakuwa nayo.

Akapanda tena. Kutoka juu akaona mstari mweupe unakuja juu ya maji, unakimbia kama moto wa nyikani, na nyuma yake ziwa lilikuwa jeusi. Upande wa kulia palikuwa na miamba, mawimbi yakiipiga, pwaa! pwaa! Chini akamsikia mwanawe mdogo analia, "Baba! Maji!"

Hapo ndipo ilipomjia akilini ada ya watu wa ziwa lile. Chombo kikipita kaburi la mkubwa wa ukoo wa nahodha, kilitua tanga na watu wote wakanyamaza. Asiyetua alikuwa ametukana wazee wake, na wazee walimkana.

"Kaburi!" Kindi akapiga kelele. "Kaburi kulia! Nahodha, kaburi!"

"La nani?" Nyati akauliza, maji yakimpiga usoni asione kitu.

"La kwenu! Naona pembe mbili juu ya jiwe, kila moja ndefu kuliko mlango! Huyu si babu yako?"

"Babu yangu?" Nyati akababaika. "Mbona sikuwahi kuambiwa?"

"Ulikuwa mdogo! Tunalikaribia, nahodha, na tanga liko juu!"

Kiboko akashika kamba kwa mikono miwili. "Nahodha, mimi laana za watu sizitaki. Nina mke."

"Ngojeni kwanza nikumbuke!"

"Kumbuka upesi!" Mstari mweupe sasa ulikuwa karibu kama kurusha jiwe. "Au nikifika bandarini niwaambie wazee wenu kwamba Nyati alimpita babu yake tanga juu, kama anayepita jalala?"

Nyati akaguna kwa uchungu. "Tua! Kiboko, tua! Lakini mshuhudie nyote, natua kwa heshima! Si kwa upepo!"

"Si kwa upepo, nahodha!" Kindi akaitikia, machozi yakimlengalenga.

Kiboko akalegeza kamba. Kru, kru, kru, foromali ikashuka. Kindi akaruka huku na huku, akilikusanya tanga na kulifunga, hapa fundo, pale fundo. Fundo la mwisho halijakazwa, upepo ukafika.

VUUUU! Jahazi likalala mpaka kiwiko cha Kiboko kikagusa maji. Mlingoti ukalia, kriii! Kila mmoja akashika alichokipata. Tanga lile lingekuwa juu, watoto, nisingekuwa na hadithi ya kuwapa leo. Polepole Situi likajiinua, maji yakilitiririka.

"Haya, tumeshalipita," akasema Nyati, akitema maji. "Tutweke."

"Tanga dogo, nahodha," Kindi akadakia. "Mtu akitoka makaburini hakimbii."

Nyati akafikiri. "Kweli. Si adabu."

Basi wakaenda kwa tanga dogo, upepo ukiwasukuma, na alasiri wakaingia bandarini. Kindi akawatoa wanawe mmoja mmoja, wamelowa lakini wazima. Nyati akaja nyuma yake, ko, ko, ko, kwato juu ya mbao.

"Kindi. Nimekumbuka. Babu yangu alizikwa bara, penye majani. Jeneza nililibeba mimi mwenyewe."

 Kindi akamvuta mwanawe mdogo, akamweka nyuma yake.

"Sasa niambie," akasema Nyati. "Pale kwenye miamba palikuwa na kaburi la nani?"

"Kaburi lilikuwepo, nahodha, tena pana. Ila lilikuwa bado halijapata watu. Niliona mahali pako, na mahali pangu, na pa hawa watatu na mama yao."

Nyati akamtazama yule mdogo, aliyekuwa akipiga chafya.  Kisha akaenda zake bila kuaga.

Lakini wasafiri wa ziwa lile wanasema kwamba tangu siku hiyo, Situi likifika penye miamba, hata ziwa likiwa limetulia kama maji ya mtungini, Nyati huvua kofia na kusema kwa sauti ya chini, "Tua, Kiboko."

Nami hadithi nimeitua hapa, atakaye aitweke: asiyekubali kuinama kwa upepo, upepo utamlaza.