Picha ya Getini

Mzee Mghanga alikuwa ameshamwaga pensheni yake yote kwa Bosi Kilundo wa yadi ya magari, akapewa gari la kifahari lililotumika. Siku ya kulichukua alikuja na bintiye Mkawasi, injinia wa digrii, kazi hana. Mkawasi akainama, akasikia upepo ukivuja kwenye springi za hewa zinazolibeba gari. Kuzibadilisha kungekula nusu ya bei ya gari.

"Bosi, mrudishie baba pesa zake."

Kilundo akaonyesha kibao: KABLA YA GETI KASORO NI YETU, BAADA YA GETI NI YAKO.

"Kasoro iko wapi, madam? Linanguruma, limesimama kama bwana harusi. Hizo digrii zenu ni theory tupu. Toka nalo."

Mkawasi akashika usukani. Aliendesha polepole, akafika katikati ya geti, akazima injini.

"Bosi, picha basi. Watu wa Wundanyi wajue magari ya maana yanauzwa wapi."

Tangazo la bure Kilundo hakuliachia. Akaegemea boneti, akatabasamu. Mkawasi akapiga moja, akapiga kumi. Injini ilipozimwa pampu ya kujaza springi upepo nayo ilizimika, na gari likazama taratibu mpaka tumbo likagusa lami. Nje, wateja wakaanza kupiga honi.

"Ondoa gari lako hapa, wewe," Kilundo akafoka.

"Langu tena?" Mkawasi akamwonyesha simu. "Ya kwanza limesimama. Ya kumi limelala. Na magurudumu ya nyuma, cheki, bado yako ndani kwako."

Honi zikazidi. Kilundo akamwita karani arudishe pesa za mzee.

"Na hiyo picha ninapochekacheka," akanong'ona, "futa."