Pimbi na Mtoto wa Chui Asiyelia

Ngano yaja!
— Ije, mlango u wazi!
Ije na kweli?
— Ije na uongo, kweli tunayo majumbani!

Basi alikuwepo Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, mjane. Mumewe na wanawe wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki. Alibakiwa na mmoja, Tunu, na huyo alimbeba mgongoni hata akienda kuteka maji.

Kila asubuhi alimpeleka kwenye darasa la Bi Kobe, chini ya jabali. Lilikuwa darasa la mzazi na mtoto, kwa wadogo ambao hawajafika chekechea. Mzazi mkekani, mtoto mapajani. Waliimba, wakapiga makofi, pa! pa! pa!, wakamimina mchanga kwenye vifuu. Mwisho wa somo Bi Kobe na wazazi walikwenda nyuma ya jabali, wakabaki watoto na mzazi mmoja wa zamu. Aliyelia alirudishiwa mama yake. Asiyelia alikuwa amehitimu: siku hiyohiyo mzazi wake alimvusha mto, akamkabidhi kwa Mwalimu Nyati, mwenye chekechea ng'ambo.

Siku moja akaja Chui na mbeleko mgongoni, ndani yake mna kitu cha mviringo.

"Hodi, mama zangu! Nami Mungu amenijaalia."

Wazazi wakatazamana. Nani wa kumwambia Chui arudi? Bi Kobe akasema polepole, "Karibu, baba. Mwenye mtoto hafukuzwi."

Chui akakaa ubavuni mwa Pimbi. Pimbi akavuta pumzi. Hakusikia harufu ya maziwa. Hakusikia harufu ya mkojo.

"Baba Chui, mbona mwanao halii?"

"Mpole. Kanirithi mimi."

"Hebu tumwone uso."

"Ala! Mtoto mchanga hufunuliwa mbele za watu? Unataka kumtupia jicho baya?"

Mama Digidigi akamvuta Pimbi mkono. "Shoga, muombe radhi. Tangu ufiwe, unaona kifo hata ndani ya mbeleko."

Pimbi akaomba radhi.

Somo likafika mwisho. Chui akalamba midomo. "Leo zamu nipeni mimi. Nyinyi mama zangu mmechoka."

"Mungu akulipe, baba!" wakasema wote.

Pimbi akamtua Tunu mkekani. Tunu akamng'ang'ania manyoya. Pimbi akapiga hesabu. Akimnyakua na kukimbia, Chui atamfikia kabla hajafika ufa wa kwanza wa jabali, na watoto wa wenzake watabaki palepale. Akaomba kimoyomoyo, "Ee Mola, wale watatu ni wako, nimekubali. Huyu niachie kidogo." Akamwachanisha vidole, kimoja kimoja, akaenda nyuma ya jabali na wenzake.

Watoto wakaanza kulia. Nyee! Nyee! Pimbi hakungoja. Alirudi mbio, huku anapiga vigelegele. Akamkuta Chui amekwisha kumpakata Tunu, ulimi nje. Tunu alikuwa kimya kwa hofu.

"Hongera, Baba Chui! Hongera!"

"Hongera ya nini?"

"Wetu wanalia, wako halii! Bi Kobe, njoo! Mtoto wa Baba Chui amehitimu!"

Wazazi wakaja mbio, Bi Kobe nyuma yao, vigelegele juu ya vigelegele. Chui akamweka Tunu chini. Hakutaka mmoja. Alitaka wote, na wazazi wakiwa mbali.

"Sheria ni sheria," akasema Bi Kobe. "Mvushe leo, baba. Mwalimu Nyati anangoja."

Chui akameza mate. Alikuwa amemla ndama wa Nyati, na Nyati hajasahau.

"Aa, bado mdogo. Huyu hulia sana."

"Mbona halii?"

"Atalia sasa hivi."

"Mfinye, baba," akasema Pimbi.

Chui akafinya mbeleko. Kimya. Akafinya tena. Kimya. Basi akaingiza mdomo humo, akalia mwenyewe, "Nyee!"

"Bi Kobe mzee, hasikii vizuri. Mwinamie zaidi," akasema Pimbi.

"Nyeee!"

"Bado, baba. Zaidi!"

Chui akasukuma kichwa, kwapu! Kikaingia chote, kikakataa kutoka. Mbeleko ikaanguka, na wote wakaona: buyu kubwa, na kichwa cha Chui ndani yake hadi shingoni.

"Nguruuu!" likanguruma buyu.

Kila mzazi akanyakua wake, wakapotelea nyufani na vichakani. Chui akatimka asikokujua: ko! kwenye jiwe, ko! kwenye mti, chubwi! mtoni. Akaibukia ng'ambo. Mwalimu Nyati akampokea. Alivyompokea sisemi, hapa kuna watoto.

Bi Kobe hakukimbia. Kobe akimbilie wapi? Alitoa kichwa gambani, akafikiri.

"Yule amelia. Hajahitimu." Kisha akamwona Tunu ufani, kifuani mwa mama yake. "Lakini huyu hakulia hata mapajani mwa Chui. Mama Tunu, mwanao amehitimu. Mvushe leo."

Pimbi akautazama mto. Akamtazama mwanawe. Akapitisha mkono chini ya kanga, akamfinya.

"Nyeeee!"

"Umesikia, Bi Kobe?" akasema Pimbi. "Bado mdogo."

Ngano imefika kwao, nami naenda kwangu. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi, nimeizoea. Na funzo lake, enyi wazazi, ni hili: msiwe na wasiwasi. Mwacheni mtoto kwa mwenye zamu, nendeni mkapumzike. Na kumfinya mtoto ni dhambi.