Mlango wa Bibi Sisa

Mpo, wanangu? Basi itikeni, kisa hiki hakiingii nyumba isiyoitika!

Kale ya kale, jiwe likiwa bado ndugu wa mtu, hapa hapa kwenye milima yetu ya Andes, kando ya ziwa la baridi, wazee wetu waliokufa hawakufukiwa. Waliketishwa! Walifungwa sufi ya lama, mnyama wetu wa mizigo, wakaketishwa ndani ya mnara wa mawe, mviringo, mwembamba chini, mpana juu, na kijimlango kimoja kinachotazama macheo. Na mwenye mzee anayeamkiwa na jua ndiye mwenye bonde.

Akaja Apasa, mkuu wa ng'ambo ya ziwa, na watu wake, na lama wake, na makelele yake. "Bonde hili letu! Sikukuu ya jua, katikati ya kipupwe, tutaona jua linamwamkia mzee wa nani. Atakayekosa, ahame!" Akajenga mnara mrefu wa mzee wake, mawe yamebanana hata unyasi haupenyi.

Upande wetu mjenzi alikuwa nani? Wara! Mama kijana, mtoto mgongoni, akimjengea marehemu bibi yake, Bibi Sisa.

"Ewe mama mtoto," wakamcheka watu wa Apasa, "huo mnara au kiota?"

Wara alitetemeka, nawaambia, alitetemeka mpaka mtoto akaamka, lakini akapanga jiwe, akapanga jiwe, akapanga jiwe.

Baba yake akaja mbio. "Mwanangu, mbona mlango umeupeleka kushoto? Jua linatokea kule!"

"Linatokea kule leo, baba, huu msimu wa kupanda. Jua nalo huhama. Sikukuu iliyopita nilisimika mawe mawili yanayoelekea pale lilipochomoza, nayafuata hayo, na kama nimekosea, baba, mtoto huyu nitamlaza wapi?"

Sikukuu ikafika. Watu wakageukia macheo. Jua likachomoza! Kwa Apasa likagonga kizingiti, likaishia ukutani, mzee wake akabaki gizani. Kwa Wara likaingia, likatambaa sakafuni, likapanda magotini, likafika usoni kwa Bibi Sisa. Waa!

"Mlijenga lini?" Wara akauliza, sauti bado inatetemeka.

"Msimu wa kupanda," akasema Apasa.

"Basi mzee wenu ataamkiwa msimu wa kupanda."

Apasa akavua kofia, akamwinamia Bibi Sisa, akaondoka na lama wake, bila makelele.

Ndiyo maana tupo hapa, wanangu, na mnara ule upo. Kuogopa si aibu. Mwoga aliyechunguza humshinda jasiri aliyekurupuka.

Kisa nimekiketisha, mlango nimeuacha wazi. Atakayeamka mapema atakikuta kinang'aa.