Kuchakulo na Ghala la Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na mahindi?
— Tele!
Nani aliyeshiba?
— Kiboko!

Hapo kale wanyama wa bondeni walichimba mfereji, wakauvuta mto mpaka mashambani. Chimba, chimba, kwatu! kwatu! Kiboko hakushika jembe. Alikuja kukalia mdomo wa mfereji, akasema maji ni yake, na anayeyataka alipe mahindi.

Mahindi yakastawi. Mwaka huu mengi, mwaka ujao mengi zaidi. Ghala la Kiboko likawa kama kilima. Wachimbaji wakaambulia wishwa.

Siku moja Kuchakulo, kindi mmoja wa wachimbaji, alimkuta mwanawe kitindamimba anatafuna gome la mti. Moyo ukamchemka. Akaitisha baraza.

"Bonde limeneemeka," alisema. "Mbona sisi tunakonda?"

Kasuku, mshauri wa Kiboko, akakohoa, kho! kho! "Ni uvivu wenu."

"Mfereji aliuchimba nani?"

"Ee... basi ni matumbo yenu, madogo mno. Tumbo kubwa ndilo linalokuza mavuno. Kiboko akila, bonde linakua."

Kuchakulo akauma meno. Viganja vyake vina sugu, na huyu anamwita mvivu! Lakini akaimeza hasira, akainama mbele ya Kiboko.

"Kumbe! Basi, Bwana, tuonee huruma, kula zaidi! Ingia ghalani ule humohumo, tukue sote."

Kiboko akacheka, hoo! hoo! Akajipenyeza mlangoni. Akala asubuhi, akala jioni, akala tena. Tumbo likatuna, ndi! Alipotaka kurudi majini, mlango ukamkatalia. Sukuma, wapi! Vuta, wapi! Jua likapiga paa, ngozi ikaanza kupasuka.

"Maji! Nakufa!"

"Tutakumwagia," Kuchakulo akajibu kwa ukali. "Ila sema kwanza, mfereji ni wa nani?"

"Wangu!"

Hakupata hata tone.

Jua lilipofika utosini, sauti ikatoka nyembamba: "Wetu... wetu sote!"

"Na mahindi?"

"Yetu! Nimwagieni, mama!"

Wakatoboa ghala kwa nyuma. Porororo! Kila mchimbaji akajaza kapu lake. Ndipo wakammwagia Kiboko maji, wakamwacha humo mpaka alipokonda akaweza kutoka.

Kasuku akarukia tawi. "Mnaona? Si niliwaambia? Subira!"

Wachimbaji wakaendelea kutafuna. Vinywa vilikuwa vimejaa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kasuku.

Na funzo lake, kama Kasuku anavyolisema hadi leo, ni hili: mnyonge asiulize maswali. Mwache mkubwa ale, nawe utashiba kwa kumtazama.