Penseli Iliyofungwa kwa Uzi

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Hata nyumbani kwako utajikwaa kwenye kigoda ulichokiweka mwenyewe. Fundi cherehani mmoja alijikwaa hivyo kwa miaka tisa.

Kitindamimba wake alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Hakurukia meza wala kuchokoza wenzake. Darasani alitazama dirishani, daftari jeupe mbele yake, mpaka kengele ikalia. Walimu walimbandika jina la Mgeni, maana kila alipoitwa alishtuka kama aliyewasili sasa hivi. Muhula huo mwalimu mkuu alikata shauri: isipopatikana sababu ya maana, mtoto atarudia darasa mara ya pili.

"Mama, kwani mimi ni mjinga?" mtoto aliuliza siku hiyo. Swali hilo lilimuuma fundi.

Akampeleka kwa daktari wa watoto. Fundi alipewa karatasi ya maswali, akaijaza chapuchapu, kifua mbele. Mtoto hupoteza vitu? Hapana. Husahau shughuli za kila siku? Hapana. Daktari aliilinganisha na ile iliyojazwa na mwalimu wa darasa. Zilitofautiana kama mbingu na ardhi.

"Mama, mbona penseli imefungwa kwa uzi shatini?" daktari aliuliza.

"Isipotee."

"Na ufunguo huu ulioshonewa mfukoni?"

"Huo nao vilevile. Hata ratiba ya vipindi nimemdarizia ndani ya pindo la sketi. Kwetu hakipotei kitu, daktari."

"Basi umeyashona na majibu yangu," daktari alitabasamu. "Uzi wako ndio unaokumbuka, si yeye. Ufundi huu ulijifunza wapi?"

Fundi aliushika uzi wa penseli. Aliiona tena baraza ya utotoni, akasikia cherehani ya miguu ikinguruma, akanusa mafuta ya mashine na kitambaa kilichopigwa pasi. Kila asubuhi mama yake alipitisha uzi kwenye tundu la kifungo chake, akiutania ubongo wake: "Kichwa hiki kisingeshikwa na shingo, ungekisahau sokoni." Walicheka wote, naye akicheka kuliko wote. Asubuhi zile zilikuwa tamu, Mungu anajua. Lakini aliacha shule kabla ya kumaliza, akiamini ana nusu ya akili, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

"Mama alinifungia hivihivi," alisema polepole.

"Wasichana wa namna hii ni wengi," daktari alimwambia. "Hawasumbui mtu, kwa hiyo hawaonekani. Umakini unawaponyoka; si uvivu. Ila leo sitatoa jina la tatizo. Jaza upya, ukijibu kana kwamba uzi haupo. Nitapima macho na masikio yake, nizungumze na mwalimu, kisha na yeye mwenyewe."

Alijaza tena, na kila alipoandika ndiyo alihisi anawajibia wasichana wawili. Baada ya wiki kadhaa daktari alithibitisha tatizo la umakini. Mtoto alihamishiwa dawati la mbele, akapewa maagizo mafupimafupi, na habari ya kurudia darasa ikaisha.

Jioni habari hiyo ilipofika, fundi alimpakata binti yake, mkubwa alivyokuwa. "Wewe si mjinga, mwanangu," alisema, machozi yakimtoka. "Wala mimi sikuwa."

Kumbe si miaka tisa tu; miaka thelathini alikuwa ametembea akipapasa. Hakika, usilolijua ni usiku wa kiza.