Nani Aliyempasha Mtoto Joto?

Sogeeni karibu. Nina kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Kwenye vilima vya Uporoto, ambako sakitu huyafanya majani kuwa meupe asubuhi, waliishi wanawake watatu. Bibi Tumwitike alikuwa na mwili wa joto kama jiko. Wajukuu waligombania kulala naye. Binti yake Anyosisye alikuwa ananyonyesha, na maziwa yake hayakujua kukauka. Sekela, muuguzi wa zahanati, aliweza kuusoma mwili wa mtoto hata kabla hajalia.

Asubuhi moja Subilaga, mkwe wa Bibi Tumwitike, alijifungua kabla ya wakati. Damu ilimtoka nyingi, akawa hawezi hata kuinua mkono. Akiwa kitandani alimtazama binti yake mchanga: kadogo, kimya, miguu imepoa.

"Leteni maji ya moto tumwogeshe," alisema Anyosisye.

"Hapana, asiogeshwe! Maji yakimkaukia mwilini yatamwibia joto," Sekela, aliyeitwa kuzalisha, alimzuia. Akamkausha mtoto, akamvika kofia. "Kati ya mabega yake kuna mafuta ya kahawia. Ubongo ukihisi baridi, hutuma ujumbe kwa neva na homoni kuyaamrisha yaungue, mwili upate joto. Lakini huyu ni njiti, mafuta yake haba, na sukari ya damu inamwishia."

"Tufanyeje, mwanangu?" aliuliza Bibi.

"Mweke kifuani, mama, ngozi kwa ngozi. Hapo ubongo wake utatulia, utoe homoni za kumsaidia."

Bibi akavua blauzi, akamkumbatia mtoto kutwa nzima, hata mgongo ukamkaza.

Anyosisye naye akakamua maziwa, akawa anamdondoshea mtoto mdomoni kwa kijiko, polepole, ili apate cha kuunguza.

Jua lilipoinama, miguu ilikuwa na joto. Mtoto akalia. Subilaga naye akalia.

"Atachukua jina la aliyemwokoa," alisema.

"Basi mpe la mama yangu," alisema Anyosisye. "Angepoa, maziwa yangu yangemfaa nini?"

"Na kifua changu kingefaa nini, tumbo likiwa tupu?" alijibu Bibi. "Mwite Anyosisye."

Sekela akacheka. "Mimi nilisema tu."

"Usingesema, dada, tungekuwa tumemwogesha," alisema Subilaga, na asijue amshike yupi mkono.

Sasa mtoto yuko kifuani mwa mama yake, ananyonya, anasubiri kuitwa. Jina ni moja tu. Je, wewe ungemwita nani?